Dodoma hadi Idodi: siku sita na walinzi wa simba

Siku ya kwanza. Dodoma – Iringa

Basi limetoka stendi ya Nanenane saa kumi na mbili na robo asubuhi. Nimekaa dirishani upande wa kulia kwa makusudi, maana ukishapita Fufu na kuanza kuteremka, bonde lote la Mtera hufunguka upande huo. Barabara hii ya kilometa 260 niliwahi kuipita enzi za vumbi. Tulisafiri kutwa nzima na bado tukalala njiani. Leo ni lami tupu, na kabla ya saa tano tutakuwa Iringa.

Mtera tumesimama dakika kumi. Kina mama wamekimbilia madirishani na samaki wakavu. Bwawa limerudi nyuma sana, miti iliyokufa miaka ile maji yalipoingia imesimama mikavu kwenye matope. Maji haya ni ya Ruaha Mkuu, mto ule ule ninaoufuata. Tangu 1993 mto huu hukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, yakabaki madimbwi. Penye dimbwi huja nyati, pundamilia, ng'ombe na simba, wote kwa kiu moja. Ukitaka kuelewa ugomvi wa simba na wafugaji wa huku, anzia hapo kwenye maji.

Niseme kwa nini nimetoka nyumbani. Mimi ni mtoto wa Bahi, Mgogo, na kazi yangu ni mifugo. Nilipokuwa na miaka minane, vijana wa kwetu walirudi na simba aliyefungwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa ameua ndama wanne. Mjomba wangu ndiye aliyemchoma mkuki wa kwanza. Walimzungusha nyumba kwa nyumba, ngoma mbele, na kila mwenye zizi alitoa kitu: kuku, debe la mtama, mbuzi. Sisi watoto tuliruhusiwa kumgusa. Nilishika kiganja chake nikashangaa kilivyo laini. Nilishangaa pia kwamba hakuwa na manyoya shingoni kama simba wa kwenye kitabu cha shule, lakini siku ile hapakuwa na wa kumuuliza.

Miaka yote hiyo nimekuwa nikisikia kwamba pembeni ya Hifadhi ya Ruaha wako vijana wa jamii za kifugaji ambao zamani walimsaka simba kwa mkuki na sasa wanamlinda. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo cha mifugo Mpwapwa anafanya kazi huko, tarafa ya Idodi. Aliniandikia maneno machache: "Kaka, chukua likizo, uje uone mwenyewe." Nimechukua.

Siku ya pili. Iringa – Tungamalenga

Iringa baridi. "Kamwene!" nimesalimiwa na muuza chai, nikajibu kama nilivyofundishwa, akacheka na kuniongezea andazi.

Njia ya Ruaha inapita Kalenga, kwenye makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Sikushuka, basi halikusimama. Baada ya hapo lami inaisha na nchi inaanza kushuka: mibuyu, miti ya miiba, halafu ghafla mashamba ya mpunga yanayomwagiliwa, kijani kinachoumiza macho baada ya kilometa nyingi za kahawia.

Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ina karibu kilometa za mraba 20,000 na haina uzio. Pembeni yake ni ardhi ya wanyamapori ya vijiji, inayosimamiwa na jumuiya iitwayo MBOMIPA, kifupi cha Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Kupakana nayo kaskazini ni mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, ambayo yanakuja kugusa huku kwetu upande wa Manyoni. Kwa hiyo simba wa Ruaha na yule wa utoto wangu wanaweza kuwa ukoo mmoja. Tanzania ndiyo nchi yenye simba wengi kuliko nyingine yoyote duniani, na hili eneo la Ruaha na Rungwa linakadiriwa kubeba karibu moja ya kumi ya simba wote waliobaki.

Rafiki yangu amenipokea na pikipiki. Habari ya kwanza aliyonipa, kabla hata ya kuuliza hali ya watoto: juzi usiku simba ameingia zizi moja, ameua ng'ombe wawili.

Siku ya tatu. Kwenye boma

Tumefika saa moja kasoro. Boma la Wabarabaig, zizi la miiba, pembeni mizoga miwili imefunikwa kwa matawi. Watu wa Dodoma tumezoea kuwaita watu hawa Wamang'ati. Jina hilo walipewa na Wamasai, maana yake adui. Wao ni Wadatoga, na hawa wa leo ni Wabarabaig. Nimeona aibu kwamba nimeishi miaka hamsini nikilitumia jina la adui kwa majirani zangu.

Chini ya mti walikaa vijana saba, mashuka yao ya rangi ya udongo mwekundu, mikuki imelazwa chini, mmoja akinoa wake juu ya jiwe. Katikati yao amekaa wa nane, umri kama wao, alama zile za duara kuzunguka macho kama zao. Mkuki anao pia. Huyo ndiye mlinzi wa simba. Alipigiwa simu na mtoto wa boma usiku ule ule na akatembea gizani hadi hapa. Siku ya tatu sasa hajaondoka.

Mzee wa boma alitusalimia vizuri, akatuketisha, akatoa maziwa. Halafu akasema yake, taratibu, bila kupandisha sauti: "Bwana mifugo, ng'ombe ni wangu. Simba mnaniambia ni wa serikali. Basi serikali ije ichunge simba wake kama mimi ninavyochunga ng'ombe wangu."

Sikuwa na jibu. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka kifuta jasho kwa mali iliyoharibiwa na wanyama wakali, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Majina yenyewe yanakuambia kwamba hiyo si fidia. Jasho linafutwa, ng'ombe harudi. Rafiki yangu ameandika taarifa, amepiga picha, atapeleka wilayani.

Kilichoniuma zaidi nimekisikia kwa mama wa boma, tulipokuwa tumesimama wawili kwenye mzoga wa pili. Ng'ombe yule jike alikuwa na mimba, na alikuwa wake yeye mama. Siku aliyoolewa, alipewa mama wa ng'ombe huyo. Watoto wake wamelelewa kwa maziwa ya ukoo wa ng'ombe huyo. Wanaume wote pale walikuwa wakizungumza juu ya simba. Yeye peke yake ndiye aliyezungumza juu ya ng'ombe, na nadhani mikutano mingi ya uhifadhi humsahau mtu kama huyu.

Nilimvuta mlinzi pembeni. Nitamwita hivyo tu, Mlinzi. Aliua simba akiwa na miaka kumi na saba. Alipakwa samli kichwani, wasichana wakamwimbia, akazunguka kwa ndugu na kila mmoja akampa ng'ombe. Alirudi na ng'ombe kumi na mmoja. "Baba yangu alikuwa maskini," akaniambia. "Simba yule ndiye aliyenipa zizi." Fikiria hesabu hiyo kabla hujamhukumu kijana mwenye mkuki. Kijana asiye na urithi angepata wapi mifugo kumi na mmoja ndani ya mwezi?

Na umaskini wa baba yake una historia. Nchi yao ni Hanang. Miaka ya 1970 tambarare za Basotu, malisho yao bora, zilichukuliwa na mashamba makubwa ya ngano ya serikali, na wafugaji wengi wakahama na mifugo yao kuelekea kusini. Familia ya Mlinzi ni mojawapo. Walikuja hadi pembeni ya hifadhi kwa sababu malisho ya kwao yalilimwa.

Kazi ya ulinzi imetokana na mradi wa Ruaha Carnivore Project, ulioanza mwaka 2009 chini ya Amy Dickman, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, na ambao sasa uko ndani ya shirika la Lion Landscapes. Wazo la kuwatumia vijana wenyewe walilichukua kwa Lion Guardians wa Amboseli, Kenya, waliokuwa wameanza na Wamasai mwaka 2007. Kijana hupewa eneo lake, mshahara wa kila mwezi, simu na kifaa cha kusoma majira ya mahali (GPS). Hufuata nyayo, huwaonya wachungaji wasipeleke mifugo bonde fulani, hutafuta mifugo iliyopotea, huziba mazizi. Na siku kama ya leo, hukaa katikati ya wenye mikuki.

Nilitazama anavyokaa. Hakuhubiri. Hakutaja watalii wala sheria. Asubuhi ya kwanza aliwaomba wakate miiba wazibe pengo la zizi kabla ya jambo lolote, na kazi ikala nusu ya hasira. Kisha akawapeleka kwenye nyayo pale pengoni, akachukua kijiti, akakikata sawasawa na upana wa unyayo mmoja. "Huyu ndiye aliyekula. Tukienda kumtafuta, tumtafute huyu," akawaambia. Kijiti kile bado kiko kwenye mkanda wake.

Kisha akauliza swali moja. Tukiua dume mwenye nchi hii, nani anakuja? Wote wanajua jibu. Wanakuja madume wageni, wanaua watoto wa simba ili majike yapate joto tena, familia ya simba inasambaratika, vijana dume wasiojua kuwinda nyati wanatangatanga hadi kwenye mazizi. "Dume huyu tunamjua, mara nyingi hupita tu. Hao hatutawajua."

Mchana vijana wawili waliondoka na mikuki yao wakarudi makwao. Watano wamebaki. Jioni pikipiki zimeleta marobota ya wavu wa seng'enge. Zizi litazungushiwa upya, mradi ukichangia sehemu ya gharama na mzee sehemu. Wanasema kwenye mazizi yaliyozungushiwa hivyo usiku sasa ni wa kulala. Nimeshika wavu, nimeupima kwa mkono, nimeamini. Mzee alihesabu fedha yake mara tatu kabla ya kuitoa.

Siku ya nne. Nyayo

Saa kumi na moja na nusu tumeondoka: Mlinzi, mwenzake mmoja, rafiki yangu na mimi, na nyuma yetu wawili kati ya wale watano. Mlinzi ndiye aliyewaalika. "Waje waone kwa macho yao."

Nilidhani najua nyayo. Sijui. Fisi huacha alama za kucha, simba huzificha. Hilo nilikuwa nalijua. Lakini Mlinzi anasoma mchanga kama mwalimu anayesahihisha daftari. Kwenye korongo kavu tulikuta unyayo wa simba umeandikwa juu yake na vidole vya kanga. Kanga hushuka mtini kukipambazuka. Basi simba alipita kabla ya mapambazuko. Mbele kidogo unyayo umekanyaga kinyesi cha ng'ombe wa jana jioni. Basi alipita baada ya hapo. Ndani ya vitu viwili hivyo alishatupa saa zake.

Wale vijana wawili walishikana mkono na kuharakisha. Nyayo zilikuwa mpya kabisa, za usiku ule ule. Mwenye hasira angezifuata moja kwa moja.

Mlinzi akainama, akatoa kijiti mkandani, akakilaza juu ya unyayo. Kilizidi pande zote mbili.

Hakusema neno. Alimpa kijiti kijana aliyekuwa akinoa mkuki jana. Yule akakilaza, akakigeuza, akatafuta unyayo mwingine ulio wazi zaidi, akapima tena, mara ya tatu. Kisha akakirudisha. Nami nikapima kwa mkono wangu: vidole vinne na gumba, basi.

Tukaendelea polepole. Nyayo zilitoka korongoni kuelekea kilima cha mawe makubwa chenye kichaka chini yake. Kisha tukakuta nyingine za mguu ule ule zikirudi kutoka kilimani kwenda kwenye dimbwi, za zamani kidogo. Na nyingine. Njia moja, kwenda na kurudi, peke yake, hakuna mwenzake pembeni. Hatua kama mia tatu kabla ya mawe Mlinzi alinyoosha mkono tukasimama wote. Upepo ulikuwa ukitujia usoni. Tumesikiliza kwa muda mrefu. Sijasikia kitu isipokuwa moyo wangu na njiwa.

Akaandika majira ya mahali kwenye kifaa, akageuka, tukarudi kwa njia tuliyojia. Mbali kidogo ndipo akaanza kupiga simu, boma hadi boma: bonde hili msilete ng'ombe kwa miezi miwili, nendeni upande wa mashariki, dimbwi la huko bado lina maji. Kwa kila boma alianza na salamu ndefu, habari za mifugo, habari za mgonjwa, na onyo likaja mwishoni kama jambo la kawaida.

Njiani nilimuuliza anapata nini sasa badala ya sifa ile. Akasimulia usiku mmoja wa masika, mtoto wa miaka tisa alipotelea porini na ng'ombe arobaini. Aliwafuata kwa tochi hadi alfajiri akawarudisha wote, mtoto akiwa mgongoni amelala. Mama wa mtoto alitoka na samli, akampaka kichwani mbele ya watu. "Mara ya pili maishani," akasema, akagusa utosi wake kana kwamba bado una mafuta.

Siku ya tano

Siku fupi. Tumbo limenisumbua tangu usiku, nimeshinda kivulini.

Kijijini kulikuwa na kikao cha kamera. Mradi unafunga kamera zinazojipiga zenyewe kwenye ardhi ya vijiji. Kila mnyama anayepita huleta pointi, na simba au mbwa mwitu huleta nyingi kuliko swala. Kijiji chenye pointi nyingi hupata zaidi kwa ajili ya shule, zahanati na dawa za mifugo. Hilo la dawa limenifurahisha kuliko yote. Ndigana, ugonjwa unaoenezwa na kupe, inaua ng'ombe wengi kuliko simba na fisi wote wa huku, nimeliona kwa miaka yangu yote ya kazi, ila ng'ombe aliyekufa kwa ndigana hakuna anayemchukulia mkuki. Chanja ng'ombe wa mtu na hasira yake kwa simba inapungua, maana hasara yake yote imepungua.

Jioni rafiki yangu amenionyesha picha zinazomnyima usingizi. Februari 2018, karibu na hifadhi hii, simba 6 na tumbusi zaidi ya 70 walikutwa wamekufa kwa sumu. Mkuki unahitaji ujasiri, na unamfikia simba mmoja. Sumu ya dukani inahitaji mzoga na mkono mmoja wa usiku, na inaua kila aonjaye. Wazee wa hapa wanaichukia sumu. Wanasema mtu wa sumu hakuna wa kumwimbia. Mlinzi anategemea sana chuki hiyo.

Wale vijana watano wametawanyika. Yule mwenye kupima kijiti ameuliza jinsi ya kuomba kazi.

Siku ya sita. Iringa – Dodoma – Bahi

Nimelala Iringa, nimepanda basi la kwanza, na sikuteremka kwenda nyumbani. Kutoka Dodoma nimeunganisha gari la Bahi. Mjomba yuko hai bado, jicho moja halioni, anakaa mlangoni kwenye tembe yake ya zamani ambayo amekataa kuiezeka bati.

"Mbukwa, mjomba."

"Mbukwa. Umeona simba?"

Nikamwambia sikumwona. Niliona nyayo tu. Akanitaka nimwonyeshe ukubwa. Nikapanga mkono wangu chini, vidole vinne na gumba, kwenye vumbi la kizingiti. Akaweka wake juu ya wangu, akapapasa.

"Jike," akasema. "Alikuwa na wenzake?"

"Peke yake. Alikuwa anakwenda kwenye mawe na kurudi kwenye maji. Njia ile ile, siku kadhaa."

Mjomba alinyamaza. Watoto wa jirani walikuwa wakifukuza mbuzi watoke kwenye mlenda wa mama mmoja. Alisubiri kelele ziishe.

"Basi ana watoto mle mawe."

"Ndivyo walivyosema pia."

"Yule wetu," akasema, "naye alikuwa akirudi mawe yale ya upande wa mbuga, siku zote tulipomfuata. Njia moja." Akaondoa mkono wake juu ya wangu. "Hatukwenda kutazama."